Mkono Ulioshika Kalamu: Njia ya Barabara Nambari 80 Kuvuka Alabama

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa uhandisi na wa jiografia, na ninyi wazee mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza, shikamooni na poleni na safari.

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna njia za barabara zinavyopangwa, na ningeweza kuimaliza saa hii kwa kueleza miteremko, kona, makalavati na vipimo vya udongo. Badala yake nimeamua tuifuate barabara moja tu, iliyo mbali sana na kwetu, mwanzo hadi mwisho. Katika miaka yote niliyofanya kazi ya upimaji sijapata kuona nyingine inayoonyesha waziwazi kama hiyo jambo ninalotaka vijana mlishike kabla hamjaanza kazi: mstari wa barabara huchorwa na ardhi, lakini huchorwa pia na mkono wa mtu, na mhandisi anayejua kuisoma ardhi peke yake bado hajaijua kazi yake.

Barabara yenyewe ni Barabara Kuu ya Marekani nambari 80, na kipande nitakachokieleza ni kile kinacholikata jimbo la Alabama kutoka magharibi hadi mashariki, kutoka mpaka wa Mississippi hadi mpaka wa Georgia, umbali wa takribani kilomita 350. Nilikipita chote kwa gari nilipokwenda kumtembelea binti yangu anayeishi Georgia, na nilisimama mara nyingi kiasi kwamba safari ya siku moja ilichukua siku tatu.

Niseme machache kuhusu nambari. Mwaka 1926 Wamarekani walipozipa nambari barabara zao kuu, zile zinazokwenda mashariki na magharibi zilipewa nambari shufwa, na zilizo ndefu kupita nyingine zikapewa nambari zinazoishia na sifuri. Nambari 80 ilianzia Savannah, kwenye Bahari ya Atlantiki, ikafika San Diego, kwenye Bahari ya Pasifiki, na siku hizi inaishia Dallas, Texas, kwa sababu barabara za kasi zilizojengwa baadaye zimeimeza sehemu yake ya magharibi. Kabla ya nambari palikuwa na majina. Chama cha wenye magari kiliitangaza njia hiyo kwa jina la Dixie Overland Highway, na chama cha wanawake wa ukoo wa askari wa Kusini kikakibandika kipande cha Alabama jina la Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili yaendelee kuwamiliki watumwa. Naomba mlikumbuke jina hilo, maana waliokuja kuitembea barabara hiyo kwa miguu mwaka 1965 walitembea juu yake.

Sasa tuanze na ardhi. Anayeingia Alabama kutoka Mississippi hupokelewa na mji mdogo uitwao Cuba, halafu misitu ya misonobari, kisha baada ya mwendo wa saa moja hivi misitu inafunguka na mbele panatokea nyanda za nyasi zenye udongo mweusi. Hapo ameingia katika ukanda ambao Wamarekani wanauita Ukanda Mweusi, ulioinama mfano wa mwezi mwandamo kutoka Mississippi hadi karibu na Georgia. Zama za kale sana palikuwa bahari, na chini ya ule udongo mweusi kuna mwamba laini wa chokaa, mweupe kama chaki, ambao wanajiolojia waliupa jina la mji wa Selma. Palipo na mto mwamba huo huonekana kwa macho: pale Demopolis, Mto Tombigbee unapita chini ya majabali meupe yanayong'aa jua linapozama.

Ninyi mliowahi kufanya kazi Shinyanga, au kwenye tambarare za Athi huko Kenya, udongo huo mnaujua bila kuusafiria. Ni mfinyanzi mweusi wa aina ya ule wa mbugani kwetu, unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, hata mtu akaweza kuingiza mkono mzima katika ufa. Ukijenga juu yake bila kuuondoa au kuutibu, lami hufanya mawimbi, kingo hukatika na tuta huchanika kwa urefu. Masika ya kwanza niliyosimamia tuta Shinyanga yalinifundisha hayo kuliko darasa lolote. Lakini udongo huohuo unaomtesa mjenzi humpendeza mkulima, na hapo ndipo historia ya barabara hii inapoanza, miaka mia moja kabla ya lami.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, baada ya wenyeji Waindio kunyang'anywa nchi yao na wengi wao kuhamishwa kwa nguvu hadi ng'ambo ya Mto Mississippi, wenye mashamba walikimbilia udongo huu mweusi wakapanda pamba, na kwa ajili ya pamba wakaleta watumwa kwa maelfu. Mahali ambapo udongo ulikuwa mzuri kupita pengine ndipo watumwa walipokuwa wengi kupita pengine. Utumwa ulipokomeshwa, wajukuu wa watu hao walibaki palepale wakilima kwa kugawana mazao na mwenye shamba, na jina la Ukanda Mweusi, lililokuwa la udongo, likawa pia jina la watu. Barabara nambari 80 inaufuata ukanda huo karibu kote, kwa kuwa iliunganisha miji ya pamba, na miji ya pamba ilisimama kwenye udongo wa pamba. Kufikia hapa mtu anaweza kusema kwamba ardhi ndiyo iliyochora mstari, na hatakuwa mwongo.

Demopolis penyewe pana kisa kidogo ambacho wapimaji hawataacha kukipenda. Mwaka 1817 walifika hapo Wafaransa, wafuasi wa Napoleon waliokimbia nchi yao, wakiwa wamepewa ardhi na Bunge la Marekani kwa sharti la kupanda mizabibu na mizeituni. Walifyeka, wakajenga, wakauita mji wao kwa Kigiriki, yaani mji wa watu. Vipimo rasmi vilipokamilika ikagundulika kwamba mji ule ulikuwa nje ya eneo walilopewa, na wakalazimika kuhama. Mizabibu na mizeituni nayo haikustawi katika ardhi ile. Kwa hiyo wa kwanza kuumizwa na mstari wa ramani katika njia hii walikuwa watu wageni, weupe, na hawakuumizwa na mtu mwenye nia mbaya. Wao walitangulia kujenga kabla ya kupima.

Kutoka Demopolis barabara inapita Uniontown, katika kaunti ya Perry, na hapa nitasimama kwa muda mrefu kidogo kuliko wasafiri wengi wanavyosimama. Mwamba wa chaki na mfinyanzi ulio juu yake havipitishi maji kwa urahisi. Wafugaji wa samaki wameutumia ukweli huo vizuri, na ndiyo maana unaona mabwawa ya kambare katika kaunti hizi. Wapo pia walioutumia kwa namna nyingine. Kaskazini ya barabara, pale Emelle katika kaunti ya Sumter, mwishoni mwa miaka ya 1970 lilifunguliwa jalala la taka za sumu lililokuja kuwa miongoni mwa makubwa kabisa nchini Marekani, na hoja ya kitaalamu ilikuwa kwamba chaki ni nene na haivujishi. Desemba 2008 bwawa la majivu ya makaa ya mawe lilipopasuka huko Kingston, Tennessee, tani zipatazo milioni 4 za majivu hayo zilipakiwa kwenye mabehewa na kuletwa kwenye jalala lililo karibu na Uniontown, mji ambao wakazi wake wengi sana ni Weusi na ni maskini. Mimi sibishani na hoja ya chaki, kwa sababu ni kweli chaki haivujishi. Ninachouliza ni kwa nini, katika nchi kubwa kiasi kile, hoja ya kweli inaishia mara mbili kwenye mlango wa watu walewale.

Sasa tumefika Selma.

Mji umekaa ukingoni mwa Mto Alabama, upande wa kaskazini, na barabara ya kwenda Montgomery inavuka mto kwa daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1940. Lilipewa jina la Edmund Pettus, jenerali wa jeshi la Kusini, kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la siri la Wazungu lililowatisha na kuwaua Weusi, na baadaye seneta. Mhandisi akilitazama ataona kwanza tao lake la katikati, kisha ataona jambo lenye uzito zaidi katika kisa chetu: ili kupitisha vyombo vya mtoni, daraja limeinuliwa sana juu ya maji, takribani mita 30, na sakafu yake imepinda kama mgongo wa ngamia. Mtu anayepanda kutoka upande wa mji haoni upande wa pili hadi afike kileleni. Nililitembea kwa miguu makusudi ili nihakikishe, na ni hivyo.

Katika kaunti ya Dallas, ambayo Selma ndio makao yake, Weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi, lakini waliokuwa wameandikishwa kupiga kura walikuwa asilimia 2 hivi ya waliostahili. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na aliyefika aliulizwa maswali ya sheria ambayo hata wakili angeyatafakari. Usiku wa tarehe 18 Februari 1965, katika mji wa Marion, kaunti ileile ya Perry tuliyotoka kuipita, askari wa jimbo alimpiga risasi kijana Jimmie Lee Jackson wakati maandamano yalipotawanywa kwa virungu. Alifariki Selma baada ya siku nane. Kutokana na msiba huo lilizaliwa wazo la kutembea hadi Montgomery, kilomita 87, kumkabili gavana.

Jumapili ya tarehe 7 Machi, watu wapatao 600 walipanda daraja wawili wawili, kwenye njia ya waenda kwa miguu, wakiongozwa na wanaharakati John Lewis na Hosea Williams. Walipofika kileleni ndipo walipowaona chini yao askari wa jimbo waliojipanga kuziba barabara nzima, na pembeni wapanda farasi wa mkuu wa polisi wa kaunti. Nyuma yao kulikuwa na watu waliokuwa bado wakipanda bila kuona kitu. Waliteremka hata hivyo. Mnajua kilichofuata: mabomu ya machozi, virungu, farasi, na bibi Amelia Boynton amelala chini bila fahamu, picha ambayo ilionekana dunia nzima.

Wengi wanaposimulia habari hii hutoka hapo wakaruka hadi Montgomery, kwenye hotuba ya Martin Luther King mbele ya jengo la serikali. Mimi nataka nisimame kwenye upana wa barabara, maana ndio unaonihusu kwa taaluma, na ndani yake mna jambo ambalo sijalisikia likielezwa vya kutosha.

Kesi ilipelekwa kwa jaji wa shirikisho, Frank M. Johnson, mjini Montgomery. Serikali ya jimbo ilisema kwamba barabara kuu ni ya magari, na kwamba umati ukiijaza kwa siku kadhaa utazuia msafara wa umma. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na wapo wahandisi wengi ambao wangeiunga mkono bila chuki yoyote moyoni. Tarehe 17 Machi jaji aliamua kwamba kiasi cha haki ya kuandamana barabarani kilingane na ukubwa wa dhuluma inayolalamikiwa, na kwamba dhuluma hii ilikuwa kubwa mno. Akauidhinisha mpango waliouleta waandamanaji wenyewe, na mpango huo ulipimwa kwa upana wa lami. Palipo na njia nne, idadi ya watu haikuwekewa kikomo. Barabara inapobana na kuwa ya njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, watu wasizidi 300.

Fikirini maana yake. Tarehe 21 Machi waliondoka Selma watu zaidi ya 3,000. Wakalala usiku wa kwanza kwenye shamba la mkulima Mweusi, kwa kuwa hakuna mwenye shamba Mzungu ambaye angewapokea. Wengi wao walirudishwa Selma, na kesho yake, lami ilipobana, wakabaki 300 waliochaguliwa, nao ndio walioivuka kaunti ya Lowndes. Na Lowndes ndiyo iliyokuwa hatari kuliko zote. Watu wanne kati ya kila watano waliokuwa wakiishi humo walikuwa Weusi, na mwanzoni mwa mwaka 1965 hapakuwa na Mweusi hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura. Mahali ambapo watu walihitaji wenzao kwa wingi ndipo barabara ilipowapunguza. Tarehe 23 mvua ilinyesha kutwa, na wale 300 walilala katika tope la ule mfinyanzi niliowaeleza, lililofunikwa majani makavu. Siku iliyofuata barabara ilipopanuka tena karibu na Montgomery, umati ulirudi kama maji yaliyofunguliwa bwawani, na tarehe 25 watu 25,000 walifika mbele ya jengo la serikali ya jimbo.

Usiku huohuo, mama Viola Liuzzo, mkazi wa Detroit mwenye watoto watano, aliyekuwa akiwasafirisha waandamanaji kwa gari lake mwenyewe, alipigwa risasi na kuuawa na watu wa Ku Klux Klan juu ya barabara hii, ndani ya Lowndes. Jiwe la kumbukumbu yake lipo kando ya barabara. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ilitiwa saini tarehe 6 Agosti mwaka uleule.

Na Lowndes haikuishia hapo. Wakulima walioanza kujiandikisha walifukuzwa kwenye nyumba za wenye mashamba, na kuanzia Desemba 1965 familia hizo ziliishi katika mahema kando ya barabara nambari 80 kwa muda wa karibu miaka miwili. Leo mahali hapo pana kituo cha makumbusho, kwa kuwa mwaka 1996 njia yote kutoka Selma hadi Montgomery ilitangazwa kuwa njia ya kihistoria ya taifa. Barabara sasa ni ya njia nne kotekote, yenye uwanda wa nyasi katikati, na gari linaimaliza Lowndes kwa nusu saa. Ukiacha lami na kuingia vijijini utawakuta watu ambao maji taka ya nyumba zao yanatokea uani, kwa sababu mashimo ya kawaida hayafanyi kazi katika mfinyanzi usiokunywa maji, na mfumo unaofaa udongo ule una gharama ambayo hawaiwezi. Kwa miaka mingi jimbo lilikuwa likiwatishia kuwashtaki badala ya kuwajengea. Mei 2023 Wizara ya Sheria ya Marekani ilifikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo kuhusu jambo hilo, na Aprili 2025 wizara hiyohiyo ikayavunja. Ule mwamba unaotajwa kuwa baraka kwa wenye majalala ndio unaowarudishia watu wa Lowndes uchafu wao.

Montgomery ni mji wa kisa kirefu, nami nitachukua kipande kimoja tu, kile ambacho kwa maoni yangu kila mwanafunzi wa upangaji wa barabara angepaswa kukisoma. Ili mkielewe itabidi kwanza tuteremke hadi Tuskegee, kilomita 60 na zaidi mashariki, kisha turudi.

Tuskegee ndipo Booker T. Washington alipofungua chuo chake mwaka 1881, na ndipo George Washington Carver alipofundisha tangu mwaka 1896. Mwaka 1906 chuo kilianza kutuma gari la kukokotwa na wanyama lililopakiwa zana na mbegu, likawafuata wakulima Weusi mashambani kwao, kwani wakulima hawakuwa na namna ya kukifikia chuo. Mawazo ya elimu ya namna hiyo yalifika hadi kwetu Afrika Mashariki. Tume ya Phelps-Stokes, iliyotoka Marekani kuchunguza elimu ya Waafrika, ilipozuru huku mwaka 1924, James Aggrey wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, akiwa mmoja wa wajumbe, iliisifu sana njia ya Tuskegee, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Jeanes School pale Kabete, karibu na Nairobi, ili kufundisha walimu wa kutembelea shule za vijijini. Ni kweli pia kwamba watawala wa kikoloni waliipenda elimu hiyo kwa sababu ya yale ambayo haikufundisha, na wazee wetu waliliona hilo mapema.

Kufikia miaka ya 1950 Tuskegee palikuwa na Weusi wengi waliosoma, walimu wa chuo na watumishi wa hospitali, na mamia yao walikuwa wamefaulu kujiandikisha. Mwaka 1957 seneta wa jimbo Sam Engelhardt, mwenye mashamba wa kaunti ya Macon na kiongozi wa vyama vya Wazungu vilivyopinga kuchanganyika, alipitisha sheria ya kubadili mpaka wa mji. Mji uliokuwa na umbo la mraba uligeuzwa kuwa na pande 28. Mstari mpya uliingia na kutoka, ukakwepa nyumba hii na kufuata ile, na ulipokamilika wapiga kura Weusi takribani 400 walikuwa nje ya mji wao isipokuwa wanne au watano, wala hakutolewa Mzungu hata mmoja. Profesa Charles Gomillion na wenzake walishtaki. Jaji wa kwanza kuisikiliza kesi aliitupa. Naye alikuwa Frank Johnson yuleyule. Mahakama Kuu ya Marekani iliirudisha Novemba 1960, ikisema kwamba mstari wa mpaka hauwezi kuwa kificho cha kumnyima mtu kura, na mwaka 1961 Johnson huyohuyo akaubatilisha ule mpaka. Naliheshimu jina la jaji aliyekubali kufundishwa.

Sasa turudi Montgomery. Mwaka 1959 gavana mpya, John Patterson, alimteua Engelhardt kuwa mkurugenzi wa barabara wa jimbo. Ulikuwa wakati ambapo Serikali ya Shirikisho ilikuwa ikigharamia sehemu kubwa kabisa ya ujenzi wa barabara za kasi, na barabara nambari 85, ambayo leo inabeba sehemu ya nambari 80 mashariki ya Montgomery, ilihitaji kuingizwa mjini. Mkono uliouchora mpaka wa Tuskegee ukapewa kalamu nyingine. Njia iliyochaguliwa ilipita katikati ya mitaa ya Weusi, ikiwamo ile walimokuwa wakiishi watu waliokuwa mstari wa mbele katika mgomo wa mwaka 1955 na 1956, Weusi walipokataa kupanda mabasi yaliyowatenga kwa rangi. Wakazi waliandika ombi la kupinga, wakasema bila kuficha kwamba njia ile ililenga kuung'oa mtaa walimoishi viongozi wao. Barabara ilijengwa palepale. Vijana, hapa kwetu mnajua ilivyo mtu kuamka asubuhi akakuta alama ya X nyekundu ukutani mwake. Katika karatasi za mradi wa Montgomery hapakuwa na neno la chuki. Palikuwa na miteremko, nusu-vipenyo vya kona, makadirio ya gharama, na saini.

Nimeeleza kwa nini nimewaleta mbali hivi. Mpaka wa pande 28 ulibatilishwa mahakamani kwa sababu umbo lake lilijisaliti. Hata mtoto angeliona. Mstari wa barabara ya kasi haujisaliti, kwa kuwa umenyooka na una hesabu zinazotimia. Anayeweza kuuona ulivyo ni yule aliyekuwa mezani wakati njia nyingine zinakataliwa, na mara nyingi huyo ni mhandisi kijana aliyetumwa kuleta vipimo.

Kipande cha mwisho nitakipita upesi. Kutoka Tuskegee barabara inaacha udongo mweusi, inapanda na kushuka katika vilima vya mchanga na misonobari, hadi Phenix City. Huyo gavana Patterson alikuwa mkazi wa mji huo. Baba yake, Albert Patterson, alikuwa ameshinda uteuzi wa chama chake wa kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo akiahidi kuisafisha Phenix City, iliyokuwa imetekwa na wenye nyumba za kamari, na usiku wa tarehe 18 Juni 1954 alipigwa risasi akafa akitoka ofisini kwake. Mwana alichukua nafasi ya baba, akasifiwa kwa kupambana na uhalifu, na miaka minne baadaye akauchukua ugavana kwa kujionyesha mgumu zaidi ya mpinzani wake katika suala la kutenganisha watu kwa rangi. Mimi husikitika kila ninapofikiria kwamba mtu aliyedhulumiwa kiasi kile ndiye aliyemkabidhi Engelhardt idara ya barabara.

Chini ya mji kuna Mto Chattahoochee na ng'ambo yake Columbus, Georgia. Mpaka wa majimbo haya mawili haupiti katikati ya mto kama mtu angetarajia. Mahakama Kuu iliamua katika karne ya 19 kwamba unapita ukingo wa magharibi, kwa hiyo mto wote ni wa Georgia, na wa Phenix City akitumbukiza mguu majini ameshatoka jimboni kwake. Kisheria Alabama nzima inafuata saa za kati, ila watu wa Phenix City, ambao wengi wao hufanya kazi Columbus, waliamua tangu zamani kufuata saa za wenzao wa ng'ambo, na hakuna aliyewazuia. Nilivuka daraja hilo saa kumi na moja jioni, na binti yangu alikuwa akinisubiri upande wa pili.

Ramani niliyosafiri nayo nimeitandaza kwenye meza ile ya nyuma, pamoja na michoro miwili ya Tuskegee, wa mraba na wa pande 28. Mwenyekiti akiruhusu, wanafunzi waanze kuuliza, kisha wazee wetu wafuate. Ahsanteni sana.